Mmenyuko wa Uhamishaji: Mrututu, Magadi na Ndoo ya Bati

Mtahiniwa wa kidato cha nne, mada hii ni fupi kwenye daftari lakini ndefu kwenye karatasi ya mtihani. Inatokea kwenye maswali ya kuchagua, inajificha ndani ya swali la elektrolisisi, na inakusubiri tena kwenye mtihani wa vitendo. Wengi wanaopoteza alama hapa waliisoma. Shida ni kwamba walikariri milinganyo mitatu au minne, kisha kila swali wakataka kulilazimisha liingie humo.

Tutaisoma kwa kutumia vitu viwili ambavyo mtu wa Karatu na Ngorongoro anavifahamu. Cha kwanza ni mrututu, dawa ya buluu inayotumika kwenye mashamba ya kahawa kule juu Karatu. Cha pili ni magadi, yanayopatikana kule chini Engaresero, kijiji kilicho upande wa kusini wa Ziwa Natron, miguuni mwa mlima Oldoinyo Lengai. Kama unasoma Mtwara au Kigoma usiwe na wasiwasi. Mrututu ni kopa salfeti, CuSO₄, chumvi ileile ya buluu iliyo kwenye maabara ya shule yako. Magadi kwa sehemu kubwa ni sodiamu kaboneti, Na₂CO₃, iliyochanganyika na sodiamu haidrojeni kaboneti na vitu vingine kidogo. Mtihani utaujibu kwa Kiingereza, lakini Zn ni Zn kwa lugha yoyote, na jambo ukilielewa vizuri maneno yatakuja.

Ndoo iliyoharibika

Mkulima anapima gramu 250 za mrututu, anaziyeyusha kwenye ndoo ya bati na kuziacha usiku kucha akisubiri asubuhi apige dawa. Asubuhi anakuta rangi ya buluu imefifia. Chini ya ndoo kuna unga wa rangi ya kahawia yenye wekundu. Akirudia hivyo mara kadhaa, ndoo inaanza kuvuja. Watu watasema dawa ilikuwa kali. Wewe unatakiwa useme zaidi ya hapo.

Ndoo ya bati ni chuma kilichopakwa zinki. Ndani ya mrututu shaba haiko huru, iko kama ioni, Cu²⁺, pamoja na salfeti. Zinki ya kwenye ndoo iko peke yake, ni metali tupu. Zinki hupoteza elektroni kwa urahisi kuliko shaba, kwa hiyo inatoa elektroni mbili, inaingia kwenye maji kama Zn²⁺, na shaba inazipokea elektroni hizo na kutoka nje kama metali:

Zn + CuSO₄ → ZnSO₄ + Cu

Huu ndio mmenyuko wa uhamishaji: elementi iliyo huru, yenye nguvu zaidi kikemia, inaihamisha elementi dhaifu kutoka kwenye kampaundi yake na kukaa mahali pake. Salfeti haikufanya lolote. Ilikuwepo mwanzo na ipo mwisho, vilevile ilivyokuwa. Ukiiondoa pande zote mbili unapata mlinganyo wa ioni:

Zn + Cu²⁺ → Zn²⁺ + Cu

Zinki imepoteza elektroni, hiyo ni oksidesheni. Ioni ya shaba imepokea elektroni, hiyo ni ridaksheni. Swali likikuuliza ni kipi kimeoksidishwa, jibu ni zinki. Usijibu "zinki salfeti", maana hiyo ni zao.

Zinki ikiisha mahali fulani kwenye ndoo, chuma kilichokuwa chini yake nacho kinaanza:

Fe + CuSO₄ → FeSO₄ + Cu

Hapa simama kidogo. Chuma kina ioni mbili, Fe²⁺ na Fe³⁺, na kila mwaka kuna mtahiniwa anayeandika Fe₂(SO₄)₃ kwenye mlinganyo huu kwa kuwa ameuona kwingine. Chuma kikihamisha shaba kinatoa Fe²⁺. Myeyusho unabadilika kutoka buluu kwenda kijani hafifu. Ikiwa ni zinki, unabadilika kutoka buluu hadi kukosa rangi. Swali la vitendo likikuambia "eleza ulichokiona", andika rangi ya mwanzo na rangi ya mwisho, kisha utaje tabaka la kahawia yenye wekundu juu ya metali. Ukiandika tu "shaba ilitengenezwa" hujaeleza ulichokiona, umeeleza unachokijua, na msahihishaji hana mahali pa kukupa alama.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu gramu 250 sikuzichagua kwa bahati. Fuwele za mrututu ni CuSO₄·5H₂O. Tumia Cu = 64, S = 32, O = 16, H = 1, Zn = 65:

64 + 32 + (4 × 16) + (5 × 18) = 250

Kwa hiyo gramu 250 ni moli 1 kamili. Mlinganyo unasema moli 1 ya kopa salfeti inakula moli 1 ya zinki na kutoa moli 1 ya shaba. Mrututu wote ukimenyuka, gramu 65 za zinki zimetoka kwenye ukuta wa ndoo, na gramu 64 za shaba zimelala chini kama unga usiofaa. Mkulima amepoteza mara mbili. Ndoo imeliwa, na dawa nayo imebaki maji yenye zinki salfeti. Kinachoua kuvu wa chulebuni na wa kutu ya majani ya kahawa ni shaba iliyo katika hali ya ioni. Unga wa metali utaziba tu mdomo wa bomba la kupigia dawa. Ndiyo maana mabwana shamba husisitiza mrututu uyeyushwe kwenye pipa la plastiki au la mbao.

Mfululizo wa metali

Ukijua nani ana nguvu kuliko nani, hukariri mlinganyo hata mmoja. Huu hapa, kuanzia yenye nguvu zaidi:

K, Na, Ca, Mg, Al, (C), Zn, Fe, Sn, Pb, (H), Cu, Ag, Au

Kaboni na haidrojeni si metali. Zimewekwa kwenye mabano ili zikusaidie kulinganisha. Metali iliyo juu huihamisha iliyo chini yake. Iliyo chini haiwezi kuihamisha iliyo juu, na hapo jibu sahihi ni "hakuna mmenyuko". Watahiniwa wanaogopa sana kuandika maneno hayo. Wanaona kuna mshale na nafasi tupu mbele yake, wanahisi ni lazima waijaze. Swali likikupa Cu + ZnSO₄, andika "hakuna mmenyuko, kwa sababu shaba iko chini ya zinki kwenye mfululizo", uende swali linalofuata.

Haidrojeni ilivyokaa hapo inakueleza habari ya asidi. Zinki na chuma ziko juu yake, kwa hiyo zinaihamisha kutoka kwenye asidi haidrokloriki. Shaba iko chini yake, haiwezi. Kaboni nayo iko juu ya zinki na chuma, ndiyo maana inaweza kuondoa oksijeni kwenye oksidi zao ndani ya tanuri, lakini haiiwezi oksidi ya alumini, na kwa hiyo alumini hupatikana kwa elektrolisisi. Alumini ikipashwa moto pamoja na oksidi ya chuma hutoa chuma kilichoyeyuka, na mafundi wa reli hutumia njia hiyo kuunganisha vipande vya reli.

Kuna mitego miwili ambayo mfululizo peke yake haukuonyeshi. Wa kwanza ni alumini. Sufuria ya alumini ukiitia mrututu, huenda usione kitu kwa muda, ingawa alumini iko juu sana ya shaba. Sababu ni tabaka jembamba la oksidi lililoifunika metali. Ukilikwangua, mmenyuko unaanza. Mtego wa pili ni sodiamu. Ukiulizwa nini kitatokea sodiamu ikitupwa kwenye myeyusho wa kopa salfeti, mkono utataka kuandika sodiamu salfeti na shaba. Usifanye hivyo. Sodiamu itayavamia maji kwanza:

2Na + 2H₂O → 2NaOH + H₂

Kisha sodiamu haidroksidi inakutana na kopa salfeti na kutoa mashapo ya buluu ya kopa haidroksidi. Hutaona shaba nyekundu. Potasiamu na kalsiamu nazo ni hivyohivyo: metali inayomenyuka kwa nguvu na maji baridi haitumiki kuhamisha nyingine ndani ya maji.

Tukishuka Engaresero

Sasa uko pembeni mwa Ziwa Natron. Kingo zake ni nyeupe kwa magadi, na maji yake ni ya alkali kali, pH yake hupita 10. Sodiamu hiyo inatoka kwenye miamba ya volkano ya eneo hilo, ikibebwa na chemchemi na mvua. Oldoinyo Lengai yenyewe ni volkano ya pekee: lava yake ina kaboneti za sodiamu na kalsiamu kwa wingi. Hutoka ikiwa nyeusi au kahawia, na ikishapata unyevu hugeuka nyeupe. Mojawapo ya madini yaliyomo, Na₂Ca(CO₃)₂, yamepewa jina la Mwalimu Nyerere: nyerereiti. Huulizwi hilo kwenye mtihani, lakini ni vizuri ulijue.

Swali la kemia ni hili: kuna sodiamu nyingi kiasi hicho, mbona hakuna mtu aliyewahi kuokota sodiamu yenyewe? Ukitumbukiza msumari kwenye maji ya ziwa, chuma hakiwezi kuihamisha sodiamu. Zinki haiwezi, na magnesiamu pia haiwezi. Sodiamu iko karibu na kilele cha mfululizo. Kilichohitajika ni umeme: mwaka 1807, Humphry Davy wa Uingereza aliitoa sodiamu kwa mara ya kwanza kwa elektrolisisi ya sodiamu haidroksidi iliyoyeyushwa kwa moto. Kwa hiyo ukiulizwa kwa nini metali za juu kabisa hutolewa kwa elektrolisisi, ujue unaulizwa mada hii kwa mlango wa nyuma.

Kubadilishana si kuhamishana

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Chukua myeyusho wa magadi, umimine kwenye myeyusho wa mrututu. Mashapo ya buluu yenye ukijani yanatokea mara moja. Je, ni mmenyuko wa uhamishaji? Angalia:

CuSO₄ + Na₂CO₃ → CuCO₃ + Na₂SO₄

(Mashapo hayo kwa kweli huwa na haidroksidi ndani yake pia, lakini kwa kiwango chako andika CuCO₃.) Hakuna elementi iliyokuwa peke yake mwanzoni, na hakuna iliyobaki peke yake mwishoni. Shaba ilikuwa Cu²⁺, na bado ni Cu²⁺. Sodiamu ilikuwa Na⁺, na bado ni Na⁺. Wamebadilishana tu wenzao. Huu ni mmenyuko wa kubadilishana, na hautegemei mfululizo wa metali hata kidogo. Unategemea kama kuna kitu kinachotoka kwenye myeyusho: mashapo yasiyoyeyuka, gesi, au maji.

Njia ya kupambanua ni swali moja: je, kuna elementi iliyobadilisha chaji? Kama ipo, na mojawapo ilianza ikiwa huru, ni uhamishaji. Kama hakuna iliyobadilisha, ni kubadilishana.

Mkulima wa kahawa anafanya mmenyuko wa kubadilishana anapochanganya mrututu na chokaa iliyozimuliwa kwa maji. Kipimo cha kawaida ni kilo 1 ya mrututu na kilo 1 ya chokaa kwa lita 100 za maji:

CuSO₄ + Ca(OH)₂ → Cu(OH)₂ + CaSO₄

Dawa hii ilianzia kwenye mashamba ya mizabibu karibu na Bordeaux, Ufaransa. Wakulima walikuwa wakiipaka mizabibu ya kando ya barabara mchanganyiko wa shaba na chokaa ili wapita njia wasiibe zabibu. Mwanasayansi Millardet akagundua kwamba mizabibu hiyo ndiyo iliyopona ugonjwa wa kuvu, na akatangaza matokeo yake mwaka 1885. Baadaye kukawa na dawa ya namna hiyo inayotumia sodiamu kaboneti badala ya chokaa. Ule mlinganyo wa mrututu na magadi ulioandika sasa hivi ndio kemia yake.

Kwa nini chokaa itiwe? Mrututu mtupu huunguza majani, kwa sababu Cu²⁺ iliyoyeyuka ni nyingi mno. Chokaa inaigeuza kuwa kopa haidroksidi isiyoyeyuka, ambayo hukaa juu ya jani na kuachia ioni kidogo kidogo. Mkulima hana pH mita. Anajuaje kwamba chokaa imetosha? Anachukua kisu cha chuma kilichosuguliwa kikang'aa, anakichovya kwenye dawa kwa dakika moja hivi, anakitoa. Kisu kikitoka na rangi nyekundu ya shaba, chokaa bado. Kikitoka kilivyoingia, dawa iko tayari.

Soma kipimo hicho tena, kwa sababu mada yote imo ndani yake. Kisu ni chuma huru. Kama kwenye maji bado kuna Cu²⁺, chuma kitaihamisha na shaba itajipaka kwenye kisu: Fe + Cu²⁺ → Fe²⁺ + Cu. Kama chokaa imeshaishika shaba yote na kuifanya mashapo, hakuna ioni ya kuhamisha na kisu hakibadiliki. Mmenyuko wa uhamishaji umetumika kukagua kama mmenyuko wa kubadilishana umekamilika. Ukiweza kumweleza mwenzako jambo hili bila kuangalia kitabu, umemaliza nusu ya mada. Ukijaribu maabara, kumbuka mrututu ni sumu: usionje, nawa mikono, na mwalimu awepo.

Povu la ndimu

Kamua ndimu kwenye magadi, povu linatoka. Tia kipande cha zinki kwenye asidi, povu linatoka pia. Kwa macho vinafanana, ila kwenye mlinganyo havifanani:

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Zn + 2HCl → ZnCl₂ + H₂

Wa kwanza hauna elementi huru iliyomhamisha mtu. Wa pili zinki imeihamisha haidrojeni. Gesi ndiyo inayokutofautishia: ya kwanza huyageuza maji ya chokaa yawe meupe kama maziwa, ya pili huwaka kwa mlio mdogo wa ghafla ukisogeza kijiti chenye moto kwenye mdomo wa neli ya majaribio. Kwenye mtihani wa vitendo, usitaje jina la gesi kabla hujaandika ulivyoipima.

Halojeni, na maji ya kunywa

Halojeni nazo huhamishana, ila mpangilio wake unashuka na kundi: F, Cl, Br, I. Metali hushindana kupoteza elektroni, halojeni hushindana kuzipokea, na atomu ndogo huzivuta kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo klorini huihamisha iodini:

Cl₂ + 2KI → 2KCl + I₂

Myeyusho usio na rangi unakuwa wa kahawia, na ukitia wanga unakuwa wa buluu iliyokoza hadi nyeusi. Iodini haiihamishi klorini. Kwa maswali mengi hayo yanatosha.

Lakini kwa mtu wa Ngorongoro na Arusha kuna swali lisiloishia darasani. Vyanzo vingi vya maji vya ukanda huu wa volkano vina floraidi nyingi, na magadi mara nyingi nayo huwa na floraidi. Mtoto akikua anakunywa maji hayo, meno yake yanakuwa na madoa ya kahawia, na kiwango kikiwa kikubwa kwa miaka mingi hata mifupa huumia. Kuna wanaotia dawa ya klorini wakidhani imemaliza kila kitu. Klorini inaua vijidudu, na kwa hilo ni nzuri. Ila floraidi ni ioni ya florini, na florini iko juu ya klorini. Klorini haiwezi kuihamisha. Kuchemsha nako hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki, kwa hiyo inazidi kukolea.

Kinachosaidia ni mmenyuko wa kubadilishana. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanyia kazi mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Madini ya mfupa yana ioni za haidroksidi, OH⁻. Maji yakipita juu ya mkaa huo, floraidi inaingia kwenye madini ya mfupa na haidroksidi inatoka. F⁻ imebaki F⁻, hakuna chaji iliyobadilika. Mkaa ukishajaa floraidi haufanyi kazi tena, ni lazima ubadilishwe au usafishwe.

Maswali

1. Msumari wa chuma wenye gramu 10.0 uliwekwa kwenye myeyusho wa mrututu. Baadaye ulitolewa, ukakaushwa, na ukapimwa gramu 10.4. Shaba yote ilishikamana na msumari. Tafuta gramu za chuma zilizoyeyuka. (Fe = 56, Cu = 64)

2. Metali X huihamisha Y kutoka kwenye naitreti yake. Y haimenyuki na asidi haidrokloriki. Z humenyuka na asidi hiyo taratibu, lakini haiihamishi X. Zipange kuanzia yenye nguvu zaidi.

3. Mwanafunzi aliweka vijiko viwili vya chuma, kimoja kwenye myeyusho wa magadi na kingine kwenye myeyusho wa mrututu. Eleza atakachokiona na sababu yake.

4. Mkulima alichovya kisu kwenye mchanganyiko wa mrututu na chokaa, kikatoka chekundu. Aongeze nini, na kwa nini? Andika milinganyo miwili.

Majibu

1. Kila moli 1 ya chuma inayoyeyuka (gramu 56) huacha moli 1 ya shaba (gramu 64), kwa hiyo msumari huongezeka gramu 8. Umeongezeka gramu 0.4, basi moli ni 0.4 ÷ 8 = 0.05. Chuma kilichoyeyuka ni 0.05 × 56 = gramu 2.8. Hakikisha: shaba ni 0.05 × 64 = gramu 3.2, na 10.0 − 2.8 + 3.2 = 10.4. Anayeandika kwamba shaba ni gramu 0.4 amesahau kwamba chuma nacho kilikuwa kinaondoka.

2. X, Z, Y. Z iko juu ya haidrojeni na Y iko chini yake, kwa hiyo Z imeizidi Y. Z haiihamishi X, kwa hiyo X imeizidi Z.

3. Kwenye magadi hakuna uhamishaji wowote, kwa sababu chuma kiko chini ya sodiamu. Kwenye mrututu kijiko kinapata tabaka la kahawia yenye wekundu, na buluu inafifia kuelekea kijani hafifu, kwa sababu chuma kiko juu ya shaba.

4. Aongeze chokaa. Wekundu ni shaba iliyohamishwa na chuma cha kisu, ishara kwamba bado kuna Cu²⁺ iliyoyeyuka itakayounguza majani. Fe + CuSO₄ → FeSO₄ + Cu, kisha CuSO₄ + Ca(OH)₂ → Cu(OH)₂ + CaSO₄. Akisugue kisu king'ae kabla ya kupima tena, la sivyo wekundu wa mwanzo utamdanganya.